Habari za Huko

Simulizi ya safari huanza kwa swali, na swali hilo halitoki kwa msafiri. Anayerudi kutoka mbali, awe ametoka Mtwara, Maskati au Toronto, hupokewa kwa maneno yaleyale: "Habari za safari?" Naye hujibu, "Njema, alhamdulillahi," au "Nzuri, tunamshukuru Mungu," hata kama njiani gari liliharibika mara mbili na mzigo mmoja umepotea. Kila mtu anajua kwamba hilo ni jibu la mlangoni. Pwani, na sehemu nyingi za bara, mgeni hashindiliwi maswali kabla hajakaa. Hupewa maji ya kuoga, akaswali au akajinyoosha kidogo, akala. Habari za msiba, za fedha zilizoibwa au za usumbufu wa mpakani husubiri mpaka sahani ziondolewe. Ndipo mmoja wa wenzake anaposogea na kusema, "Haya bwana, tupe za huko."

Kuanzia hapo simulizi huwa kazi ya watu wawili: aliyekwenda na anayeuliza. Wasafiri wamesifiwa sana katika vitabu. Wanaouliza hawatajwi, ilhali habari ya safari huwa nzuri au mbovu kwa kadiri ya maswali iliyopitia.

Katika miji ya mawe, kama Lamu, Mombasa na Unguja, mahali pa kazi hiyo ni baraza, benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba. Baada ya alasiri, na tena baada ya isha, wanaume huketi hapo. Muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, dele lake likiwa juu ya makaa, na kahawa chungu hunywewa kwa kashata. Simulizi ya barazani hukatizwa kila dakika, na kukatizwa huko ndiko kunakoinyoosha. Msafiri akisema nauli ilikuwa kubwa, mtu atauliza, "Kubwa kiasi gani?" Akisema aliondoka na boti ya saa moja asubuhi siku ya Ijumaa, mwingine aliyewahi kupita njia hiyo atadai kwamba Ijumaa boti huondoka saa tatu, na wote wawili watalazimika kukumbuka vizuri. Anayetia chumvi hukamatwa kabla kikombe cha pili hakijapoa.

Wanawake wana kikao chao uani au ukumbini, mikono ikisuka ukili au ikipakwa hina, na maswali yao huwa ya karibu zaidi. Shoga aliyerudi huulizwa nani alipika, maji yalitoka wapi, choo kilikuwaje, mtoto alilazwa wapi, mama mwenye nyumba aliwatazamaje wageni siku ya tatu na ya nne. Maswali haya huonekana madogo. Lakini mtu anayejiandaa kusafiri na mtoto mchanga atapata uani mambo ambayo baraza zima halikuyawaza.

Lugha yenyewe ina vyombo vya kazi hii. Cha kwanza ni kiambishi -ka-. Msimulizi akisema, "Nilishuka stendi, nikauliza njia, nikaambiwa nipitie sokoni, nikapotea, nikarudi," msikilizaji anafuata hatua kwa hatua bila kuhitaji "kisha" wala "baada ya hapo". Siku -li- inaporejea, jambo jipya limeanza. Cha pili ni sauti. "Kule" ni mbali. "Kuleee", irabu ikivutwa na sauti ikipanda, ni mbali zaidi, na mzee mwenye pumzi anaweza kuifikisha Tabora hadi Ujiji kwa irabu moja. Mkono nao hufanya kazi yake: huonesha jua lilikuwa wapi mbinguni msafara ulipofika kisimani, na wote waliokaa wanaelewa ni saa ngapi. Redioni mkono hauonekani, ndiyo maana wasimulizi wazuri wa redio huvuta irabu kuliko watu wengine.

Chombo cha tatu ni neno dogo "eti". Aliyoyaona msafiri kwa macho yake huyasema wazi. Aliyoyasikia huyatanguliza kwa "eti", "yasemekana" au "niliambiwa". Mpaka huo ni wa maana sana, na msikilizaji makini huushika. Simulizi inapopita kinywa cha pili na cha tatu, "eti" ndiyo hudondoka kwanza, na kilichokuwa uvumi wa kituo cha basi hufika kijijini kikiwa ushahidi.

Mfano wa zamani wa kazi hii ya wawili, unaoigusa pwani moja kwa moja, ni habari za Ibn Battuta. Alitoka Tangier mwaka 1325, akafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331: Mogadishu, kisha Mombasa, alikolala usiku mmoja, kisha Kilwa. Kitabu kinachobeba jina lake hakukiandika kwa mkono wake. Aliporudi Moroko, Sultani Abu Inan aliagiza safari zake ziandikwe, na mwandishi Ibn Juzayy akaketi naye mjini Fez, mmoja akisimulia na mwingine akiandika, mpaka kazi ikakamilika mwaka 1355. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita tangu usiku ule wa Mombasa. Hata hivyo msafiri alikumbuka kisima kilichokuwa mlangoni mwa msikiti, na kata ya mbao yenye mpini wa urefu wa dhiraa moja ya kutekea maji. Alikumbuka kwamba ardhi kuzunguka kisima ilikuwa imesawazishwa, kwamba watu walitembea miguu mitupu, na kwamba anayetaka kuingia aliosha miguu kisha akaipangusa kwenye kipande cha jamvi nene kilichowekwa mlangoni. Anayetawadha, alisema, huibana kata katikati ya mapaja na kujimiminia maji mikononi. Kumbukumbu ya namna hiyo hukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kuitwa. Alihitajika mtu wa kukaa naye siku baada ya siku, kalamu mkononi, ndipo ikatoka.

Katika habari hizohizo kuna embe. Huko Mogadishu mgeni aliandaliwa wali wa samli na kitoweo, pamoja na achari za ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Watu wa Fez hawakulijua embe. Basi likaelezwa kwao kwamba linafanana na tufaha, ila lina kokwa. Likiiva ni tamu sana, na likiwa bichi ni kali kama ndimu. Huko ndiko kueleza. Kitu kigeni kimepimwa kwa kitu ambacho msikilizaji amekishika na kukila, na tofauti imetajwa papo hapo. Msafiri wa pwani anayeeleza theluji hufanya vivyo hivyo: husema inaanguka kama sufi iliyopasuka mtini, haina kishindo cha mvua, inalala chini kama unga, na ukiifumbata mkononi inageuka maji. Anayesema tu kwamba ilikuwa "nzuri ajabu" hajaeleza kitu.

Kitabu hicho kina somo la upande wa pili pia. Sehemu za maelezo ya Dameski na ya Makka zilichotwa kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyetangulia kwa zaidi ya karne moja. Ya kuona na ya kupokea yakashonwa kwa uzi mmoja, mshono usionekane. Wachambuzi wa baadaye wamefanya kazi ya miaka mingi kurudisha "eti" iliyokuwa imeondolewa.

Kwa Kiswahili, safari zilianza kuandikwa kwa nathari ndefu mwishoni mwa karne ya 19, na hapo tena kulikuwa na muulizaji. Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni kisha mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, aliwaomba watu wa pwani aliofahamiana nao waandike walikofika. Mwaka 1901 akachapisha masimulizi yao katika kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Sleman bin Mwenye Chande, mfanyabiashara aliyeingia bara na msafara, na yumo Salim bin Abakari, Mngazija, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake wa Kijerumani, Bumiller, kupitia Urusi hadi Siberia. Ukiwaweka pamoja wawili hao, tofauti inaonekana mara moja. Sleman anasimulia njia ambayo nusu ya wasomaji wake wa pwani waliijua: wapagazi, mizigo ya nguo na shanga, na majadiliano yasiyokwisha juu ya hongo, yaani ushuru anaodai mwenye nchi ili msafara upite. Hahitaji kueleza hongo ni nini; anahitaji kueleza ilidaiwa kiasi gani na ikatolewa kiasi gani. Salim hana bahati hiyo. Kila anachokitaja kinahitaji mlinganisho, na hata yeye mwenyewe, kwa rangi yake, ni kioja kwa wanaomtazama. Msomaji wa leo huona watu wa Urusi wakitazamwa na Mwafrika anayetazamwa nao, jambo ambalo maandishi ya wakati ule yalitoa kwa nadra sana.

Katika miaka hiyohiyo Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa kuombwa na Heinrich Brode. Ni maandishi ya thamani kubwa, na yamejaa safari: miezi ya njiani, pembe za ndovu, vita, mapatano. Lakini misafara ile ilibebwa na watu, na wengine wao walikuwa mateka waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Mwenye msafara aliulizwa na habari zake zikachapwa. Aliyefungwa minyororo alitembea njia ileile, akalala kambi zilezile, akajua mito na milima kwa nyayo zake, lakini mara chache sana aliambiwa, "Haya, tupe za huko." Kimya hicho ni hasara kubwa kuliko zote katika maktaba ya safari za Afrika Mashariki.

Sehemu ndogo ya kimya hicho ilivunjwa na watoto. Karibu na Mombasa, mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana walianzisha Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Baba yake James Juma Mbotela alikuwa miongoni mwa waliokombolewa, na mwanawe, aliyekua akisikia habari za wazee wale, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Safari inayosimuliwa humo haikuchaguliwa na aliyeisafiri. Mtu anatolewa kwao kwa nguvu, anavushwa nchi asiyoijua jina, anapakiwa jahazini. Habari za namna hii hazitoki barazani kati ya kahawa na kashata. Hutoka polepole, usiku, kwa mtoto aliyekwisha kuuliza mara nyingi na kujibiwa kwa kifupi, mpaka siku moja mzee akaamua kuendelea.

Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, kilitoka kingine cha namna tofauti kabisa. Martin Kayamba, karani mkuu aliyekuwa Tanga, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakwenda peke yake, na jina la kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, limetunza jambo hilo katika kiambishi chake cha kwanza. "Tu-" ni ahadi kwamba wapo wengine wanaoweza kuthibitisha au kukanusha. Simulizi ya waliosafiri pamoja huwa na nguvu ya aina yake: mmoja akisahau mwingine hukumbusha, na ubishi wao mdogo juu ya siku na bei huwapa wasikilizaji nafasi ya kupima.

Haji naye ana simulizi yake. Zamani alikwenda kwa meli hadi Jeddah na aliporudi alikuwa amekaa miezi. Siku hizi hurudi kwa ndege baada ya wiki kadhaa, lakini bado watu humiminika nyumbani kumpokea na kuombewa dua, kila mmoja akipewa funda la Zamzam na tende. Habari hutolewa pamoja na vitu hivyo, na wengi wa wanaosikiliza wanaweka akiba ya kwenda. Kwa hiyo huuliza juu ya joto la Arafa, umbali wa kutembea, viatu, na namna ya kumshika mzee mkono kwenye msongamano ili asipotee.

Mahali ambapo swali la rafiki lina uzito kuliko popote leo ni kwa wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Wasichana na akina mama kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi wameziendea kazi hizo kwa miaka mingi. Wako waliojenga nyumba na kusomesha wadogo zao, na wako waliorudi wameumia. Chini ya utaratibu unaoitwa kafala, kibali cha mfanyakazi kukaa nchini hufungamana na mwajiri wake. Baadhi ya nchi zimelegeza masharti, ila mfanyakazi wa ndani bado hukaa ndani ya nyumba ya anayemlipa, mbali na macho ya watu. Wakala huonesha picha ya jengo refu na tarakimu ya mshahara. Yanayobaki hujulikana kwa aliyekwisha kukaa huko.

Na hapo ndipo simulizi hukwama. Anayerudi amebeba masanduku. Amewaletea watu kanga, manukato na simu. Huenda familia iliuza kiwanja ili apate kuondoka, au yumo dukani kwenye daftari la madeni. Kusema kwamba alifungiwa, au kwamba mshahara wa miezi minne haukutoka, ni kama kuwaambia waliomtuma kwamba walipoteza. Basi husema, "Kuzuri," akacheka, akaonesha picha za maduka. Picha hizo ni za kweli. Msichana wa jirani huziona na kuanza kutafuta pasipoti.

Shoga wa kweli haridhiki na "kuzuri", wala hamuaibishi mwenzake mbele ya watu. Huchagua wakati wakiwa wawili, labda wakichambua mchele, akauliza vitu vidogo vinavyojibika. Pasipoti ulikuwa nayo mwenyewe au waliiweka? Mkataba ulioandikiwa hapa ndio uliousaini kule, au uliletewa mwingine? Kwa wiki ulikuwa na siku ya mapumziko? Simu ulipiga saa ngapi, na nani alikuwa karibu ukipiga? Ulilala chumba gani? Mlango wake ulikuwa na komeo kwa ndani? Swali la "ulifurahi?" hupata jibu la heshima. Swali la komeo hupata jibu la kweli, na mara nyingi mikono inayochambua mchele husimama kwanza. Kinachotoka baada ya kimya hicho kinaweza kumbakiza mtu nyumbani, au kumpeleka akiwa na nakala ya mkataba wake, namba ya ubalozi aliyoihifadhi kichwani, na jina la mtu mmoja wa kwao aliyeko mji uleule.

Simu za mkononi zimebadili wakati wa kuuliza. Zamani maswali yalisubiri marejeo. Barua ilichukua wiki, na msafiri alijibu kile alichokumbuka kujibu. Sasa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp hutumwa kutoka ndani ya treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na kabla haijapita Kilosa aliyebaki nyumbani amekwisha kuuliza kama mizigo hupimwa stesheni na kama kuna chakula ndani. Faida ni kubwa. Hasara yake ni kwamba sauti hiyohiyo husambazwa kwenye makundi bila jina la msemaji wala tarehe, ikasikika kama habari ya leo ilhali ni ya mwaka juzi. Anayeipokea hana wa kumuuliza, na sauti isiyo na wa kuulizwa hupotosha kwa urahisi zaidi kuliko ya mtu aliyekaa barazani akitazamwa usoni.

Lakini kwa wanaofahamiana, simu imefanya jambo ambalo Ibn Juzayy hakulipata mjini Fez: muulizaji anaweza kumfikia msafiri angali hukohuko. Kijana aliyefika Toronto huinua simu dirishani kuwaonesha wa nyumbani theluji ya kwanza. Wadogo zake Tanga hupiga kelele, na bibi husogezwa mbele ya kioo. Hutazama kwa muda, kisha huuliza kama inanuka, kama inalowesha nguo kama umande, na ukiishika inakuwaje. Kijana hana jibu, kwa sababu tangu asubuhi ameipiga picha tu. Huvaa koti, hutoka nje, huvua glavu, huinama na kufumbata, na kwa meno yanayogongana huanza kumweleza.